Nusukaputi kwa wanyama wa tafiti za homa ya uti wa mgongo: dawa ya kulaza inapoingia ndani ya matokeo

Mwanzisha uzi

Ndugu wachangiaji, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya sentensi moja ambayo kila anayesoma ripoti za tafiti za homa ya uti wa mgongo ya bakteria ameshakutana nayo. Katika sehemu ya mbinu, mwandishi anaeleza kwa kina aina ya bakteria, idadi ya waliodungwa na saa ya kuanza matibabu. Akifika kwenye nusukaputi anasema tu kwamba wanyama walilazwa, kisha anaendelea na mengine. Kipimo cha dawa hakitajwi, wala muda ambao mnyama alilala, wala joto lake la mwili katika muda huo. Ninaamini kwamba ukimya huo umetugharimu, na ningependa tuujadili kwa utulivu.

Kwa wasioifahamu kazi yenyewe, niieleze kidogo. Mfano uliotumika sana, yaani namna ya kumwambukiza mnyama ili kuiga ugonjwa wa binadamu, ni wa sungura, ulioelezwa na watafiti Dacey na Sande mwaka 1974. Sungura hulazwa, kichwa chake hushikiliwa imara kwenye fremu, na sindano nyembamba hupitishwa nyuma ya kichwa, pale fuvu linapokutana na pingili ya kwanza ya shingo. Mtaalamu huvuta maji kidogo ya uti wa mgongo, chini ya nusu mililita, kisha hurudisha ujazo uleule wenye bakteria, mara nyingi Streptococcus pneumoniae. Maji yanayotoka siku ya kwanza huwa maangavu kama ya chupani. Kesho yake, kutoka tundu lilelile, yanatoka yakiwa na ukungu, na ukiyapima unakuta seli nyeupe zimejaa, sukari imeshuka na asidi ya laktiki imepanda. Nimeishika sindano hiyo mara nyingi, na bado tofauti ya rangi kati ya siku hizo mbili hunifanya nisimame kidogo kabla ya kuandika.

Mnyama hawezi kuvumilia kazi hiyo akiwa macho, na haifai avumilie. Kwa hiyo nusukaputi huwapo wakati wa kudunga, huwapo kila sampuli inapochukuliwa, na katika majaribio mengine mnyama hulala mfululizo kwa saa nyingi hadi mwisho. Dawa hizo hugusa moyo, mishipa, mapafu, joto la mwili, sukari ya damu, figo na chembe za kinga, na hivyo vyote ndivyo vitu ambavyo homa ya uti wa mgongo huvivuruga. Tunapopima ugonjwa, tunapima pia dawa iliyomlaza mgonjwa.

Nianze na ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote. Mwaka 1986 lilichapishwa jaribio la kundi la Sande kuhusu joto la mwili na kasi ya kukua kwa bakteria katika sungura wenye homa ya uti wa mgongo. Saa 12 baada ya kudungwa bakteria, baadhi ya sungura walilazwa kwa pentobabitali, ambayo haikuigusa homa yao, na wengine kwa yurethani, ambayo iliipunguza. Kwa wale ambao homa yao iliachwa, bakteria waliongezeka maradufu kila baada ya saa 2.76 kwa wastani. Kwa wale ambao homa ilizimwa, ilichukua saa 1.10 tu. Watafiti walipopandisha joto la chumba ili kuifuta athari hiyo ya yurethani, kasi ya bakteria ilishuka tena. Kwenye mirija ya maabara, bakteria haohao walistawi kwa nyuzi 37, lakini kwa nyuzi 41 hawakukua.

Tufanye hesabu ya saa 6. Kwa kasi ya kwanza bakteria mmoja anakuwa wanne au watano. Kwa kasi ya pili anazidi 40. Ugonjwa ni uleule na bakteria ni walewale, na kilichobadilika ni chupa ya dawa iliyomlaza mnyama. Mtu akija kujaribu antibiotiki mpya juu ya sungura hao bila kujua jambo hili, atalinganisha nini na nini?

Mchangiaji wa kwanza (daktari wa mifugo)

Ndugu mwanzisha uzi, umeligusa jambo ambalo sisi tunaosimamia usingizi wa wanyama hulisema mara kwa mara bila kusikilizwa. Ningependa kuongeza upande wa kipimo cha dawa.

Vitabu vyetu hutoa vipimo vya mnyama mwenye afya. Isofureni, dawa ya usingizi inayovutwa kama mvuke, kwa mfano, huhitajika kwa kiwango cha takriban asilimia 2 ya hewa ili sungura mzima asishtuke anapokatwa, wakati kwa panya ni karibu asilimia 1.4. Mnyama aliyeugua maambukizi makali huhitaji kiasi kidogo zaidi ili afikie kina kilekile cha usingizi. Ukimpa mgonjwa kipimo cha mzima, umemzidishia, ingawa mkono wako haukukosea kwenye mashine. Matokeo yake ni kwamba kundi lenye ugonjwa hulala usingizi mzito kuliko kundi linganishi, yaani wanyama wasio na ugonjwa, shinikizo la damu hushuka zaidi, pumzi huwa fupi zaidi, kisha tofauti hizo zote huandikwa kwa jina la bakteria.

Zaidi ya hapo, sungura ana tabia ya kuzuia pumzi anaposikia harufu ya mvuke wa dawa kwenye barakoa. Ukisimama karibu naye utaona kifua kimetulia kabisa, pua haichezi, na mapigo ya moyo yanapungua chini ya vidole vyako. Hali hiyo inaweza kudumu kwa muda wa kutosha kushusha oksijeni na kupandisha kabonidioksaidi kabla jaribio halijaanza. Ndiyo maana wengi wetu humpa kwanza dawa ya kumtuliza, na oksijeni, kabla ya kufungua mvuke.

Mwanzisha uzi

Ninakushukuru sana, daktari. Hilo la kabonidioksaidi ndilo nilitaka kuliendeleza, kwa sababu hapo ndipo dawa na ugonjwa hukutana vibaya zaidi.

Mishipa ya ubongo hutanuka kabonidioksaidi inapoongezeka kwenye damu. Kwa makadirio yanayokubalika, kila milimita moja ya zebaki ya ongezeko hupandisha mtiririko wa damu ya ubongo kwa kiasi cha asilimia 3. Mnyama anayepumua mwenyewe chini ya usingizi mzito hupumua kwa uvivu, gesi hiyo hujikusanya, mishipa hutanuka, na damu iliyoongezeka huchukua nafasi ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Katika mnyama mzima nafasi ya kupokea ongezeko hilo ipo. Katika mnyama ambaye ubongo wake umeshavimba, na maji yake ya uti wa mgongo hayafyonzwi vizuri, shinikizo la ndani ya fuvu hupaa.

Sasa tuweke na shinikizo la damu. Nguvu inayosukuma damu kuingia ubongoni ni wastani wa shinikizo la ateri ukitoa shinikizo la ndani ya fuvu. Tuseme mnyama ana milimita 80 za zebaki kwenye ateri na 20 kwenye fuvu, inabaki 60. Dawa ikishusha ateri hadi 55 bila fuvu kubadilika, inabaki 35. Ubongo wenye afya huwa na uwezo wa kujirekebishia mtiririko wake, ukibana au kutanua mishipa ili damu isiyumbe pamoja na shinikizo. Mwaka 1990, Tureen na wenzake walionyesha kwamba sungura wenye homa ya uti wa mgongo hupoteza uwezo huo: shinikizo la damu likipanda, mtiririko hupanda nalo, na likishuka hushuka nalo. Kwa mnyama wa namna hiyo, dawa ya usingizi inayoshusha shinikizo haina kitu cha kuizuia. Ubongo hukosa damu kwa sababu ya mvuke, na baadaye, chini ya hadubini, tunahesabu seli zilizokufa na kusema kwamba bakteria wameziua.

Dawa zenyewe hazifanani hata kidogo. Isofureni hutanua mishipa na kushusha shinikizo la damu, huku ikipunguza mahitaji ya oksijeni ya ubongo. Pentobabitali hupunguza mahitaji na mtiririko kwa pamoja, hivyo hushusha shinikizo la fuvu, lakini hudhoofisha pumzi. Ketamini huelekea kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Zailazini, ambayo mara nyingi huchanganywa na ketamini, hupunguza mapigo. Kwa hiyo maabara mbili zinazotumia dawa tofauti zinaweza kupata mtiririko tofauti wa damu ya ubongo kutoka kwa wanyama wenye ugonjwa uleule, na kila moja ikawa imepima kwa uaminifu.

Mchangiaji wa pili (mwanafunzi wa uzamili)

Nimefuatilia uzi huu kwa makini na nina swali ambalo huenda wengine wanalo pia. Nimefundishwa kwamba jaribio zuri lina kundi linganishi linalopitia kila kitu isipokuwa ugonjwa. Ikiwa wanyama wa kundi hilo wanalazwa kwa dawa ileile, kwa muda uleule, na wanadungwa maji ya chumvi badala ya bakteria, je, athari ya dawa haijiondoi yenyewe tunapolinganisha makundi mawili?

Mwanzisha uzi

Swali lako ndilo kiini cha uzi, na nitalijibu kwa urefu.

Kundi linganishi huondoa athari ya dawa pale tu dawa inapofanya kazi sawasawa kwa mzima na kwa mgonjwa. Umeona tayari kwamba haifanyi hivyo. Mnyama mzima akishushwa shinikizo la damu, ubongo wake hujirekebisha; mgonjwa akishushwa kiasi kilekile, ubongo wake huzama. Ukitoa namba ya mzima kwenye namba ya mgonjwa, kinachobaki ni ugonjwa pamoja na madhara yaliyozaliwa na kukutana kwa ugonjwa na dawa, na kundi hilo haliwezi kukuonyesha mpaka uko wapi kati ya hayo mawili.

Nikupe mfano unaonisumbua kuliko yote. Upo mfano wa panya wachanga wa siku 11, ambao hutumika kuchunguza kwa nini watoto wanaopona homa ya uti wa mgongo hubaki na matatizo ya kujifunza. Ubongo wa panya hao hupata majeraha ya aina mbili: sehemu za gamba la ubongo hufa kwa kukosa damu na kwa sumu ya ugonjwa, na katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, seli changa hujiua zenyewe, kila moja ikijikunja na kuvunjika kwa utaratibu. Kuhesabu seli hizo ndicho kipimo kikuu cha jaribio. Sasa kumbuka kwamba mwaka 2003 Jevtovic-Todorovic na wenzake waliwapa panya wa siku 7, wasio na ugonjwa wowote, mchanganyiko wa midazolamu, isofureni na gesi ya nitrasi oksaidi kwa saa 6, wakakuta seli nyingi za ubongo zimejiua kwa namna hiyohiyo, na panya hao walipokua walijifunza kwa shida. Siku 11 si siku 7, na hatari hupungua kadiri ubongo unavyokomaa. Kulazwa kwa dakika chache pia si sawa na kulazwa saa 6. Lakini mtu anayehesabu seli zinazojiua katika ubongo mchanga, baada ya kumlaza mnyama mara kadhaa, anawajibika kuonyesha kwamba amelifikiria jambo hilo.

Na upande wa pili wa sarafu upo. Katika homa ya uti wa mgongo, glutamati, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupashana habari, hujikusanya kupita kiasi na kuziua seli hizo kupitia vipokezi vyake vinavyoitwa NMDA. Mwaka 1996 Leib na wenzake walionyesha kwamba asidi ya kinureniki, ambayo hupinga vitendo vya glutamati, ilipunguza majeraha ya ubongo katika panya wachanga wenye ugonjwa huo. Ketamini nayo huziba vipokezi hivyohivyo vya NMDA. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtafiti akawalaza wanyama wake kwa dawa inayokinga seli, kisha akajaribu dawa mpya ya kukinga seli, akakuta haina faida, akaitupa. Hapo kundi linganishi halikusaidii chochote, kwa kuwa makundi yote mawili ya wagonjwa yalikuwa yameshakingwa kabla hujaanza.

Mchangiaji wa tatu

Ninaheshimu hoja zilizotolewa, ila naona tunaelekea mahali pa hatari. Msomaji anaweza kuondoka hapa akidhani kwamba afadhali kazi hizi zifanywe bila nusukaputi, au kwa dozi ndogo kabisa, ili matokeo yawe safi. Je, hilo ndilo mnalopendekeza?

Mwanzisha uzi

Hapana, na ninakushukuru kwa kunilazimisha niliseme wazi. Kumdunga mnyama nyuma ya fuvu akiwa macho ni ukatili, na hakuna matokeo yanayouhalalisha. Tangu mwaka 1959, Russell na Burch walipotoa kanuni zao tatu za kubadilisha wanyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi yao na kuboresha namna wanavyotendewa, kupunguza mateso kumekuwa sehemu ya sayansi yenyewe.

Hata kwa kutazama fiziolojia peke yake, mnyama aliye macho na mwenye maumivu hayupo katika hali ya asili. Maumivu na hofu ya kushikwa hupandisha shinikizo la damu na homoni za msongo, na kwa panya mojawapo ya homoni hizo, kotikosteroni, hutuliza uvimbe na kuifunga midomo kinga ya mwili. Tukumbuke kwamba deksamethasoni, ambayo ni ndugu wa homoni hizo, ilipotolewa kwa watu wazima wenye homa ya uti wa mgongo katika jaribio la de Gans na van de Beek lililochapishwa mwaka 2002, ilipunguza vifo kutoka asilimia 15 hadi 7. Homoni za msongo si jambo dogo katika ugonjwa huu. Ninachopendekeza ni kwamba nusukaputi itolewe ya kutosha, ichaguliwe kwa kulitazama swali linaloulizwa, na ipimwe kama tunavyowapima bakteria.

Mchangiaji wa kwanza (daktari wa mifugo)

Naunga mkono. Niongeze mambo mawili ambayo huonekana madogo yakapotosha namba.

Zailazini hupandisha sukari ya damu kwa kuizuia kongosho kutoa insulini. Kushuka kwa sukari kwenye maji ya uti wa mgongo ni alama kuu ya ugonjwa huu, lakini sukari hiyo hutoka kwenye damu. Asiyepima sukari ya damu kwa wakati uleule na kutafuta uwiano, anaweza kuona ugonjwa umepoa kumbe ni zailazini. Jambo la pili ni kinga: isofureni hujishika kwenye LFA-1, protini ambayo seli nyeupe huitumia kung'ang'ania ukuta wa mshipa kabla ya kupenya. Idadi ya seli nyeupe kwenye maji ya uti wa mgongo ni kipimo kingine tunachokitegemea.

Wanaopima usikivu wa wanyama waliopona nao wakumbuke kwamba kizingiti cha kusikia, yaani sauti ndogo kabisa inayosikika, chini ya isofureni hutoka juu kuliko chini ya ketamini na zailazini, na kwamba mwili ukipoa mawimbi ya neva ya usikivu huchelewa.

Mchangiaji wa pili (mwanafunzi wa uzamili)

Nimesoma pia kwamba usingizi na nusukaputi husafisha ubongo kwa kuongeza mzunguko wa maji yake. Je, hilo haliathiri namna antibiotiki zinavyofika kwenye ubongo?

Mwanzisha uzi

Linaweza kuathiri, lakini tulishike kwa uangalifu. Mwaka 2013 Xie na wenzake walieleza kwamba nafasi kati ya seli za ubongo wa panya iliongezeka kwa takriban asilimia 60 wakati wa usingizi wa kawaida na vilevile chini ya ketamini na zailazini. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba dawa hutofautiana: mchanganyiko huo uliruhusu maji kuingia ubongoni kwa wingi, isofureni kwa uchache. Kisha mwaka 2024 ukatoka utafiti uliodai kinyume, kwamba usafishaji hupungua katika usingizi na katika nusukaputi. Mjadala haujaisha, na wanyama hao hawakuwa wagonjwa. Nisingependa mtu ajenge hoja ya kipimo cha penisilini juu ya msingi huo. Njia ambayo iko wazi zaidi ni ya figo: shinikizo likishuka, damu inayopita kwenye figo hupungua, penisilini huchelewa kutoka mwilini, na mnyama aliyelala hubaki na dawa nyingi damuni kuliko ambavyo angebaki nayo akiwa macho.

Nirudi kwenye joto, kwa sababu ndipo kosa langu mwenyewe lilipo. Katika kazi yangu ya awali tulikuwa na godoro la umeme la kuwapasha panya joto, na usiku mmoja liliacha kufanya kazi bila sisi kutambua. Nilijua nilipomgeuza panya wa nne na kuhisi tumbo lake limekuwa baridi kwenye kiganja. Kipimajoto kilikuwepo mezani, ila hakikuwa ndani ya mnyama. Panya mdogo hupoteza joto haraka sana kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na dawa za usingizi huondoa kutetemeka na kubana kwa mishipa ambako kungemsaidia. Matokeo ya usiku ule yalipendeza: uvimbe mdogo, shinikizo dogo. Hatukuyatumia, na nilisikitika sana kuyaacha.

Waliotumia baridi kwa makusudi walipata faraja kama hiyo katika wanyama, kwani kumpoza mnyama kulipunguza shinikizo na uvimbe. Ilipojaribiwa kwa watu wazima waliozimia kwa homa ya uti wa mgongo nchini Ufaransa, jaribio lilisimamishwa mapema: kati ya wagonjwa 98, waliopozwa walikufa asilimia 51, na waliotibiwa kwa kawaida asilimia 31. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Sisemi kwamba nusukaputi ya wanyama ndiyo iliyowapotosha madaktari. Ninasema kwamba mnyama aliyelala, ambaye pumzi yake inaendeshwa na mashine, yuko mbali na mgonjwa aliye kitandani, na umbali huo unapaswa kuandikwa.

Mchangiaji wa pili (mwanafunzi wa uzamili)

Swali langu la mwisho. Nina takwimu za panya 24 ambazo nilizikuta maabara, na daftari linataja ketamini na zailazini bila joto, bila gesi za damu (oksijeni na kabonidioksaidi), bila muda wa kulala. Nifanye nini nazo? Na kwa kundi jipya nianze na nini?

Mwanzisha uzi

Kwa zile za zamani, usizitupe na usizirembe. Ziandike kama zilivyo, taja dawa, na utaje kwamba joto na gesi havikupimwa. Epuka kuzitumia kueleza mtiririko wa damu, sukari au kasi ya bakteria. Kama mazingira yalikuwa sawa kwa wanyama wote, zinaweza kukusaidia kukadiria idadi ya wanyama utakaohitaji, na kwa njia hiyo hao 24 watakuwa wamewaokoa wengine.

Kwa kundi jipya, kipimajoto cha njia ya haja kubwa kiunganishwe na godoro ili godoro lijirekebishe lenyewe, na kiingie kabla dawa haijakolea. Mpe kila mnyama oksijeni. Ukimudu mrija kwenye ateri, utapata shinikizo na gesi za damu kwa pamoja. Usipomudu kwa ukubwa wa panya wako, hesabu pumzi kila dakika 5 na uziandike. Punguza dawa kwa wagonjwa kwa kufuata kina cha usingizi, usifuate uzito peke yake. Andika saa ya kulala na saa ya kuamka ya kila mmoja. Mwongozo wa ARRIVE wa kuripoti tafiti za wanyama, hasa toleo la mwaka 2020, utakusaidia kujua nini cha kutaja. Ukiweza, laza kundi dogo kwa dawa ya aina nyingine kabisa, uone kama hitimisho lako linabaki palepale. Ukianza, rudi hapa utuwekee joto la panya wako wa kwanza katika nusu saa ya mwanzo, kabla hujamdunga chochote. Daktari na mimi tutalitazama pamoja nawe.